Kubadilisha darubini ukiwa Mwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya watu wa Nyamagana, Ilemela, Magu, Sengerema na Ukerewe ambao tayari wana darubini ndogo, na sasa wanataka kuona zaidi au kuanza kupiga picha za anga wakiwa uani kwao. Miongozo mingi iliyopo mtandaoni imeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani, kwa watu wenye Nyota ya Kaskazini juu ya paa. Sisi tupo nyuzi 2.5 hivi kusini mwa ikweta, mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa ziwa kubwa. Ukifuata ushauri wa huko bila kuupima kwa anga la hapa, unaweza kununua stendi nzuri kabisa ambayo haiwezi kuinama kadiri Mwanza inavyotaka.

Nina darubini ya lenzi ya milimita 70. Nitajuaje kama wakati wa kuibadilisha umefika?

Kwanza iondolee lawama zisizo zake. Ielekeze kwenye Mwezi, gonga bomba kwa kidole, kisha hesabu. Picha ikiendelea kutetemeka kwa zaidi ya sekunde tatu, tatizo lako ni miguu, si lenzi. Fupisha miguu, angalia ukiwa umekaa kwenye kigoda, na ning'iniza mfuko wa mawe katikati ya miguu mitatu. Mawe hapa kwetu hayatafutwi. Halafu kagua lenzi za jicho zilizokuja ndani ya boksi. Ile ya milimita 4 na kile kikuza cha plastiki cha mara tatu viweke pembeni. Lenzi nzuri ya Plössl ya milimita 25 na nyingine ya milimita 10 zitakuonyesha mengi ambayo darubini hiyohiyo ilikuwa inakuficha, na kama ni za kipenyo cha inchi 1.25 utahamia nazo kwenye darubini mpya.

Baada ya hapo jiulize umeona nini. Ikiwa umefuatilia miezi minne ya Mshtarii ikibadilishana nafasi, umeona pete za Zohali (Machi 2025 zilitugeukia ubavu, na sasa zinafunguka mwaka hadi mwaka), umelizoea wingu la Orioni, na kila ukiielekea Omega Centauri, kishada kikubwa cha nyota, unaona doa la ukungu lisilo na nyota ndani yake, basi darubini hiyo imekupa ilichokuwa nacho. Kioo cha milimita 200 hukusanya mwanga mara nane ya lenzi ya milimita 70, na kwa kioo hicho doa lile hupasuka likawa nyota tupu, nyota juu ya nyota. Tofauti ya namna hiyo inastahili fedha zako. Kutoka milimita 70 kwenda 90 hakukupi tofauti hiyo, kwa hiyo subiri uongeze akiba.

Boksi limeandikwa kwamba darubini inakuza mara 525. Niamini?

Hapana. Ukuzaji ni hesabu tu: urefu wa fokasi wa bomba ugawanye kwa urefu wa fokasi wa lenzi ya jicho. Bomba la milimita 1,200 kwa lenzi ya milimita 10 ni mara 120. Namba yoyote inafikiwa kwa kubadilisha lenzi, ila picha itakuwa giza na ukungu. Kikomo cha busara ni mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani mara 140 kwa darubini ya milimita 70. Hata darubini kubwa, usiku mwingi hewa haitairuhusu kuvuka mara 200 au 250. Muuzaji anayetangaza ukuzaji badala ya kipenyo, mwache aendelee na wengine.

Sina mpango wa picha. Nataka kuangalia kwa macho tu. Ninunue ipi?

Nunua kipenyo kikubwa kadiri unavyoweza kukibeba, juu ya stendi iliyo rahisi kuliko zote. Stendi hiyo ni ya Dobson. John Dobson alianza kuzitengeneza San Francisco katika miaka ya 1960 kwa mbao na vitu vya bei ndogo, akaziweka kando ya barabara ili wapita njia waangalie bure. Hazina mota wala gia. Karibu fedha yako yote inakwenda kwenye kioo, na kioo ndicho kinachokusanya mwanga.

Ya milimita 200 yenye bomba la milimita 1,200 ndiyo ninayoipendekeza kwa mtu mwenye ua. Itakuonyesha mikanda ya Mshtarii na Doa Kubwa Jekundu hewa ikitulia, Mgawanyo wa Cassini, lile pengo jeusi kwenye pete za Zohali, kadiri zinavyofunguka, mashimo na milima ya Mwezi hadi uchoke mwenyewe, na galaksi ambazo kwenye darubini ndogo hazipo kabisa. Lakini pima uzito kabla ya kulipa. Bomba na sanduku lake la chini kwa pamoja huvuka kilo 20, na bomba pekee lina urefu wa mita 1.2 hivi. Anayeishi Mabatini, Igogo au mteremko wowote ambao nyumba hufikiwa kwa ngazi za mawe aifikirie ile ya milimita 150. Ni nyepesi zaidi, na kwa kuwa itatoka nje mara nyingi, itaona mengi kuliko ya milimita 250 inayolala sebuleni. Ya milimita 250 iache kwa mwenye ua wa Buhongwa au Kisesa na mlango mpana.

Jambo moja la hapa kwetu: vitu vingi vizuri hupita karibu na utosi, na stendi ya Dobson husumbua hapo, kwa sababu ukilielekeza bomba juu wima, kulizungusha kulia au kushoto hakulipeleki popote. Wingu la Orioni hupita nyuzi 87 juu ya upeo. Liangalie saa moja au zaidi kabla halijafika juu, au baada ya kupita.

Kuna faida gani kuangalia nyota ukiwa Mwanza hasa?

Kubwa sana, na inasikitisha kwamba wenyeji wengi hawaijui. Kutoka hapa unaona karibu anga lote la dunia. Mwanaastronomia wa London hajawahi kuuona Msalaba wa Kusini akiwa nyumbani kwake, na wa Cape Town halioni lile kundinyota la Dubu Mkubwa likiwa zima. Sisi tunaona vyote viwili usiku mmoja, Aprili au Mei, ukitazama huku na huku. Galaksi ya Andromeda hupanda nyuzi 46 upande wa kaskazini. Mawingu mawili ya Magellan, galaksi jirani zetu, hupanda nyuzi 20 hadi 24 upande wa kusini. Omega Centauri hufika nyuzi 45, mahali pazuri kabisa pa kuiangalia bila kuumiza shingo.

Sayari nazo. Njia yake angani haiendi mbali na utosi wetu, kwa hiyo sayari ikifika kilele chake huwa juu ya nyuzi 60 mwaka wowote. Huko London kuna miaka ambayo Mshtarii au Zohali hainuki zaidi ya nyuzi 15 au 16, ikitazamwa kupitia hewa nzito ya juu ya mapaa. Sisi tunaitazama kupitia hewa nyembamba kuliko wote. Darubini ileile, kioo kilekile, lakini picha ya Mwanza ina nafasi ya kuwa kali zaidi.

Usiku wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na kufikia saa 2 usiku au muda mfupi baadaye giza limekamilika. Kisha kuna bahati ya majira. Juni hadi Agosti, mvua ikiwa imekatika na anga kuwa safi, ndipo kitovu cha Njia ya Maziwa kinapopita juu yetu, kwenye Nge na Mshale. Kilimia na Orioni huja mwisho wa mwaka pamoja na mvua za vuli, hivyo hao unawaonea kwenye nafasi kati ya mawingu, na zaidi Januari na Februari. Kupanga ununuzi ufike kabla ya Juni ni mpango mzuri.

Darubini moja haiwezi kufanya yote mawili, macho na picha?

Inaweza, kwa kupunguza huku na kule. Macho yanataka kipenyo kikubwa kwa bei ndogo. Kamera inataka bomba fupi, jepesi, lenye mwanga mwingi, juu ya stendi inayofuata nyota bila kutikisika. Ukilazimika kuchagua kimoja, bomba la Newton (la kioo badala ya lenzi) la milimita 130 au 150 lenye uwiano wa fokasi wa f/5, yaani urefu wa fokasi mara tano ya kipenyo, ndilo la katikati, mradi limetengenezwa ili kamera iweze kufikia fokasi. Ukiwa na subira, ni afadhali ununue Dobson ya macho sasa, na kifaa kidogo cha picha baadaye. Watu wengi walioanza na kifaa kimoja cha yote huishia huko.

Kwa picha, kwa nini kila mtu anasema stendi kwanza?

Kwa sababu Dunia inazunguka, na kamera haisamehi. Anga husogea sekunde 15 za tao (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja) kwa kila sekunde ya saa. Chukua bomba la milimita 1,000 na kamera yenye pikseli za mikroni 4: kila pikseli inaona sekunde 0.8 ya tao tu. Bila kufuatilia, nyota itavuka pikseli 18 kwa sekunde moja. Ukifungua shata kwa dakika mbili unahitaji stendi inayotembea pamoja na anga kwa usahihi ambao gia za bei rahisi hazina. Kioo kizuri juu ya stendi mbovu hutoa mistari. Lenzi ya kawaida ya milimita 135 au darubini ndogo ya lenzi ya milimita 60 juu ya stendi nzuri hutoa picha utakayoitundika ukutani.

Kwa hiyo nusu ya bajeti ya picha, au zaidi, iende kwenye stendi. Na uzito ulioandikwa na kiwanda uusome kwa tahadhari: ikiandikwa inabeba kilo 10, kwa picha ipandishie kilo 5 au 6. Bomba refu hushika upepo, na jioni kando ya ziwa upepo haukosekani.

Nyota ya Kaskazini haionekani hapa. Nitapangaje stendi ya ikweta?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwa mtu wa Mwanza, na ndilo miongozo ya nje hailigusi. Stendi ya ikweta hufuata nyota kwa mhimili mmoja unaolala sambamba na mhimili wa Dunia. Huko Ulaya mhimili huo huinuliwa nyuzi 50 kuelekea Nyota ya Kaskazini. Kwetu, ncha ya kaskazini ya anga ipo chini ya upeo, na ncha ya kusini ipo nyuzi 2.5 tu juu yake, nyuma ya nyumba, miti na vumbi. Mhimili wako utakuwa umelala karibu kabisa, ukielekea kusini.

Kabla hujanunua, tafuta mstari mmoja kwenye maelezo ya kiwanda: stendi inakubali latitudo kuanzia ngapi? Nyingi za kawaida huishia nyuzi 10 au 15. Stendi ndogo za kufuatilia kamera, na nyingi ya zile mpya za gia za harmoniki, hushuka hadi sifuri, na kwa mtu wa hapa hilo linatosha kuzipa nafasi ya kwanza. Ukiwa tayari una isiyoshuka, kuna njia. Fundi wa kuchomea anaweza kukutengenezea kabari ya chuma ya kuiinamisha, au unafupisha mguu wa kusini ili stendi nzima iinamie huko. Njia ya pili inahitaji uangalifu, kwa sababu uzito unahamia upande mmoja na stendi inaweza kuanguka na kila kitu. Weka kitu kizito chini, kwenye miguu, ili kiishikilie.

Tatizo la pili utaligundua ukifunga vifaa: mhimili ukilala hivyo, fimbo ya uzito wa kusawazisha hugonga miguu ya stendi. Nguzo fupi ya kuongezea kimo kati ya miguu na kichwa huondoa shida hiyo. Mwenye nyumba yake ajenge nguzo ya saruji yenye nondo uani, aweke bamba la chuma juu, na asahau habari ya miguu mitatu. Gharama yake ni ndogo, na utulivu wake hauna mfano.

Kupanga mwelekeo wenyewe siku hizi si kazi ngumu. Programu zinazotambua nyota kwenye picha zinaweza kukuambia mhimili umekosea wapi bila kuiona ncha kabisa: N.I.N.A. ya bure kwenye kompyuta ina kipengele cha kupima kwa sehemu tatu za anga, na kifaa cha ASIAIR nacho hufanya hivyo kwa anga lolote lililo wazi. Epuka programu inayodai kuelekezwa kwenye ncha, maana hapa utaielekeza kwenye ukuta. Asiye na kompyuta atumie njia ya zamani ya kuangalia nyota inavyopotoka: nyota moja karibu na utosi kwa kosa la kulia na kushoto, nyingine chini mashariki kwa kosa la juu na chini. Inachukua muda usiku wa kwanza. Ukishamaliza, piga alama za rangi sakafuni mahali miguu ilipo, ili usiku unaofuata uanze karibu na jibu. Dira ya simu usiitegemee karibu na chuma cha stendi.

Stendi ya kompyuta ya kwenda juu-chini na kulia-kushoto haitoshi kwa picha?

Inatosha kwa Mwezi na sayari, ambako video ya dakika chache ndiyo unayoitaka. Kwa mawingu ya nyota na galaksi shida yake ni kwamba picha hujizungusha polepole kadiri kitu kinavyosafiri angani. Lakini hapa ikweta inatupa zawadi. Kitu kinachochomoza mashariki hasa hupanda wima, na wakati kinapanda picha yake karibu haizunguki. Orioni ni mfano: ikiwa mashariki au magharibi, kati ya nyuzi 25 na 60 hivi, stendi ya kawaida itaishika kwa muda mrefu kuliko inavyoweza Ulaya. Ikikaribia utosi acha, kwa maana hapo mzunguko huwa wa kasi sana. Vitu vya kaskazini na kusini kabisa, kama Mawingu ya Magellan, vitazunguka muda wote, hivyo vipige kwa sekunde 10 au 15 na kuzirundika picha nyingi kwa programu, yaani kuziunganisha ziwe picha moja.

Vipi hizi darubini janja ndogo zinazojifanyia kila kitu?

Ni vifaa vya kweli, na kwa watu wengi wa mjini ndiyo njia fupi ya kupata picha. Seestar S50 iliyotoka 2023 ina lenzi ya milimita 50, urefu wa fokasi wa milimita 250, uzito wa kilo 2.5, na huendeshwa kwa simu. Unaiweka uani, inajitafutia mahali ilipo, inapiga picha fupifupi na kuzirundika yenyewe. Inaona Wingu la Tarantula kutoka ndani ya mji, na hilo si jambo dogo.

Ila elewa kwamba haina mahali pa kuweka jicho. Mtoto aliyetazama Zohali kupitia lenzi ya jicho na kuona pete kwa jicho lake mwenyewe hapati mshituko uleule kwenye skrini. Sayari nazo inaziona ndogo mno, kwa kuwa milimita 50 ni kipenyo kidogo. Kama lengo lako ni mawingu ya nyota na huna nafasi ya stendi kubwa, inunue bila wasiwasi. Kama ni sayari na macho, rudi kwenye Dobson.

Nina simu tu. Nianzie wapi?

Kishikilia simu kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, basi. Mwezi utatoka vizuri siku ya kwanza. Kwa sayari piga video badala ya picha, kisha programu ya bure ya kompyuta kama AutoStakkert ichague fremu zilizotulia na kuzirundika.

Nimefunga kamera kwenye darubini yangu ya Newton, lakini picha haiingii kwenye fokasi hata nikirudisha kifokasi hadi mwisho.

Darubini haijaharibika. Nyingi za macho zimetengenezwa kwa jicho, na sensa imekaa ndani ya kamera, nyuma zaidi ya mahali lenzi ya jicho ingekaa. Weka kikuza cha Barlow kati ya kifokasi na kamera: fokasi itatoka nje kiasi cha kutosha, ingawa picha itakuwa kubwa na yenye mwanga hafifu zaidi, jambo linalofaa kwa Mwezi na sayari. Wengine husogeza kioo kikuu mbele kwa skrubu ndefu. Usikate bomba kabla hujapima mara kadhaa.

Taa za mji zinaniharibia. Chujio litasaidia?

Kwa baadhi ya vitu. Mawingu ya gesi hung'aa kwa rangi chache maalumu, hasa nyekundu ya haidrojeni kwenye nanomita 656 na ile ya oksijeni karibu na 501, kwa hiyo chujio la kupitisha rangi hizo mbili tu litakupa wingu la Eta Carinae hata ukiwa Kirumba. Galaksi na vishada vya nyota hung'aa kwa rangi zote, sawa na taa nyeupe za LED zilizojaa barabarani sasa, na hakuna chujio la kuvitenganisha. Kwa hivyo, ondoka mjini.

Fikiria pia uko upande gani wa mji. Vitu vyetu bora vipo kusini, na havipandi sana: Eta Carinae huishia nyuzi 33. Mtu wa Ilemela anaitazama juu ya taa za mji mzima, wakati mtu wa Buhongwa au Usagara ana kusini yenye giza. Kuhamia upande wa pili wa mji kwa usiku mmoja, kwa ndugu au rafiki, kunaweza kukupa zaidi ya lenzi mpya. Ukerewe na vijiji vya Sengerema ni bora zaidi.

Kuna na taa za ziwani. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, wakati uleule tunaoutaka sisi, na taa zao hutanda majini. Mbalamwezi ikijaa wanapumzika, na sisi pia. Hiyo ni kazi yao na riziki yao. Wewe weka darubini nyuma ya mwamba au ukuta unaokata mwanga wa upeoni, na chagua vitu vilivyo juu.

Umande, vumbi na wadudu wa ziwani?

Unyevu ndio adui mkuu wa vioo kando ya ziwa. Usiku wa kiangazi usio na upepo, lenzi iliyoelekezwa juu inaweza kulowa ndani ya saa moja. Vika bomba kofia ndefu ya umande (ya kadibodi au povu la mkeka wa mazoezi inafaa), na kwa picha ongeza mkanda wa joto unaotumia volti 12 au USB. Usifute kioo kilicholowa. Kiache kikauke chenyewe ndani, bila kifuniko, kisha ndipo ukifunike. Kioo kikifungwa na maji ndani huota kuvu, na kuvu hula kabisa mipako ya lenzi. Vifuko vya silika ndani ya sanduku, vikianikwa na kukaushwa mara kwa mara, huongeza miaka mingi kwa kifaa.

Wadudu wa ziwani wanapopanda wingu zima hufuata mwanga. Zima taa za nje, tumia taa nyekundu hafifu tu, na wakiwa wengi funika bomba usubiri. Mijusi hupenda bomba lililo wazi mchana.

Mawe makubwa ya mjini, na kuta na mapaa ya saruji, hukaa na joto la mchana hadi usiku wa manane. Joto hilo likipanda mbele ya darubini, Mshtarii huchemka. Weka darubini kwenye majani au udongo, itoe nje nusu saa au zaidi kabla ya kuanza, na usitazame juu ya paa la jirani. Sayari nzuri kuliko zote utaziona baada ya saa 6 usiku.

Umeme ukikatika katikati ya picha?

Usitumie umeme wa ukutani kabisa. Betri ya volti 12 ya LiFePO4 (aina ya lithiamu) ya ampea-saa 20 hadi 50, inayochajiwa mchana kwa umeme au sola, itaendesha stendi, kamera na mkanda wa joto usiku mzima. Pia inakuepusha na waya uani na mitikisiko ya volti inayoua saketi.

Naweza kuangalia Jua?

Kwa chujio halali la Jua linalofunika mbele ya bomba lote, na kwa njia hiyo peke yake. Vile vichujio vidogo vya kufunga kwenye lenzi ya jicho vitupe. Joto la darubini huvipasua jicho likiwa hapo. Funika pia kitafutio, ile darubini ndogo ya pembeni. Tarehe 1 Septemba 2016 wengi walisafiri hadi Rujewa, mkoani Mbeya, kuona Jua likibaki pete. Tarehe 2 Agosti 2027 kupatwa kamili kutapita kaskazini mwa Afrika, na sisi Mwanza tutaona kwa sehemu, kwa hiyo nunua karatasi ya chujio mapema, sasa.

Mimi ni mwalimu wa sekondari. Shule ina fedha ya darubini moja tu. Unanishauri nini?

Mwalimu, chukua Dobson ya milimita 150 au 200 na lenzi mbili za jicho, pamoja na chujio la Jua la mbele. Haina betri ya kuisha wala programu ya kusasisha, wanafunzi 40 wanaweza kupanga foleni, na wa kidato cha pili ataweza kuipanga vioo mwenyewe akifundishwa mara moja. Mchana mnahesabu madoa ya Jua, jioni mnaangalia Mwezi kabla wa kutwa hawajaondoka. Mshahara wa mtu mmoja usibebeshwe; ukihusisha kamati ya wazazi, onyesheni kwanza darubini ya kuazima.

Ninunue wapi, na ya mtumba inafaa?

Darubini za maana kwa kawaida zinaagizwa nje au huletwa na ndugu anayesafiri. Kabla ya kuagiza, kwenye bei ongeza usafiri, ushuru wa forodha na VAT. Uzito wa Dobson unaweza kufanya usafiri uwe sehemu kubwa ya gharama, ndiyo maana wapo wanaoleta kioo na lenzi tu na kumwachia seremala wa hapa sanduku la mbao. Plani zake ni rahisi na mbao zetu ni nzuri.

Ya mtumba inafaa, na vioo havizeeki haraka vikitunzwa. Nenda ukaione usiku, si mchana. Mulika tochi ndani ya bomba: vumbi kidogo halina madhara hata likionekana la kutisha, lakini mistari ya utando inayotawanyika mithili ya mizizi ni kuvu. Kioo chenye mabaka meusi pembeni kinahitaji mpako mpya, kazi ambayo itabidi kukisafirisha. Zungusha stendi yenye mota mzunguko mzima ukisikiliza gia. Elekeza kwenye nyota angavu, ukuze sana, kisha toa fokasi kidogo ndani na nje. Miduara ikitokea iliyo sawasawa pande zote mbili, lipa. Ikiwa imeinama upande mmoja, vioo vinahitaji kupangwa tu, na hilo ni la dakika kumi. Ikiwa na pembe tatu, kioo kimebanwa na klipu zake; zilegeze mbele ya muuzaji na uangalie tena kabla ya kukubaliana bei.